Dharura ya Mjamzito Haisubiri Foleni

Jioni, Mtaa wa Kongo, Kariakoo jijini Dar es Salaam, bidhaa hutandazwa hadi barabarani, na mikokoteni hugombea njia na bajaji. Mjamzito akianza kutokwa damu hapo, Hospitali ya Muhimbili iko jirani, lakini kufika ni kazi.

Wataalamu hutaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika kituoni, na kuhudumiwa baada ya kufika. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kifafa cha mimba nacho hakingoji.

Taifa limepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Mfumo wa m-mama, kupitia namba ya bure 115, huwatafutia wajawazito usafiri wa dharura.

Kazi haijaisha. Jiji lihakikishe gari la wagonjwa linapita Kariakoo saa zote. Vituo vimhudumie mama kwanza, kadi na malipo vifuate. Waume, wakwe na majirani, dalili ya hatari ikitokea, msisubiri kupambazuke: pigeni 115 papo hapo.