Barua kwa Wenzangu wa Ruiru na Thika, Kabla Hatujachanga Tena

Lowell, Massachusetts,
Marekani.

Wazee wangu watukufu, mama zangu, na ninyi ndugu zangu vijana wa kikundi chetu cha maendeleo,

Kumbukumbu za mkutano wenu wa mwisho zimenifikia salama, nami nimezisoma kwa utulivu tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Nimeona mlivyoijadili zahanati ambayo kuta zake zilipanda hata juu ya madirisha zikasimama, kisima cha pili mnachotaka kichimbwe karibu na soko, lango jipya la shule ya msingi, na basari za watoto wanaoingia shule ya sekondari. Na chini ya orodha hiyo nimeliona azimio mlilolipitisha kwa kauli moja, kwamba sisi tulioko ng'ambo tuombwe kubeba sehemu kubwa ya gharama hizo zote. Katibu ameandika kwa insafu, hata akayatia na majina ya waliofika wamechelewa. Muradi wa barua hii ni azimio hilo, na naomba isomwe mbele ya mkutano. Si kwamba nataka kulikataa, bali nataka tulipange upya kabla shilingi moja haijatoka mkononi mwa mtu yeyote, awe yuko huko au huku.

Michango si jambo geni kwetu, wala si jambo la kubezwa. Chuo cha Walimu cha Githunguri, ambacho si mbali na mashamba yetu, kilianzishwa mwaka 1939 kwa fedha za wazazi waliokuwa maskini kutushinda sisi, kwa kuwa serikali ya zama zile haikuwa na azma ya kumpa mtoto wa Mwafrika elimu iliyozidi ile ya kumtumikia bwana wake. Na serikali hiyo hiyo ikakifunga mwaka 1952. Baada ya uhuru nyanya zetu walijikusanya katika vile vikundi vya mabati, wakitoa senti walizozipata kwa kuchuma kahawa ya wengine, hata paa la kila mmoja wao likavuliwa nyasi na kuezekwa bati, zamu kwa zamu. Nawakumbusha habari hizi kwa sababu ndani yake mna masharti mawili ambayo sisi tumeyaacha njiani. Mzazi wa Githunguri alichanga kwa kuwa hapakuwa na hazina nyingine ya kuiendea; na mwanamke wa kikundi cha mabati alichanga akijua kwamba kesho yake atasimama uani kwa jirani, atainua macho, naye atayahesabu mabati moja moja aone fedha yake ilikokwenda.

Leo hazina ipo, nayo ni yetu. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 iligawa kazi za serikali mafungu mawili, na tangu serikali za kaunti ziliposimama mwaka 2013 kila huduma ina mlango wake: zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara ndogo, taa za njiani, masoko na maji ni mzigo wa kaunti, yaani kwetu ni Kiambu; ilhali shule za msingi na za sekondari ni kazi ya serikali ya taifa, na huko ndiko zilikoelekezwa fedha za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo unaopitia katika eneo bunge. Sasa nasoma kwamba ujumbe wa kikundi umekwenda mara kwa mara kwa mbunge kuomba zahanati imalizwe, nao ukarudi na ahadi. Na kwamba habari ya lango la shule mliiwasilisha kwa mwakilishi wa wadi, naye akawapa ahadi vilevile. Ndugu zangu, tumebisha hodi katika milango miwili, na kila mmoja tumeubisha kwa haja ya mwenzake. Wala mlango wa NG-CDF usitegemewe peke yake, kwa kuwa Septemba 2024 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba sheria yake inakiuka Katiba, ikaweka 30 Juni 2026 kuwa kikomo. Na mtu mwenye hadhari hapangi mambo ya miaka kumi juu ya mfuko ulioingia mahakamani.

Fauka ya hayo, liko jambo linaloniuma zaidi kila nilifikiripo. Kila mfuko wa saruji tuununuao kwa ajili ya zahanati una ndani yake kodi ya asilimia 16, hali kadhalika misumari, rangi na vyuma vya madirisha. Basi mama auzaye mboga kando ya barabara ya Ruiru hulipa kodi anaponunua sabuni, akaichangia serikali zahanati. Kisha huombwa mia mbili katika mkutano, akaichangia zahanati mara ya pili. Na kutoka katika hiyo mia mbili, saruji inaponunuliwa, serikali huchukua fungu lake tena. Mimi sioni kuwa huo ni ukarimu. Naona ni mzigo aliotwishwa mtu asiyeelezwa haki yake, na sisi wenye shule na safari ndio tuliopaswa kumweleza.

Nije kwenye maji, kwa maana hapo ndipo shauri lenu limenipa taabu. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliukuta mji wa Ruiru una watu 238,858. Ile ya 2019 ikaukuta una 490,120, ukawa mji wa nne kwa wingi wa watu katika Kenya nzima, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Kati ya hesabu hizo mbili, mwaka 2012, barabara kuu ya Thika ilifunguliwa, na mashamba ya kahawa tuliyoyafahamu kwa harufu ya maua yake yakageuka magorofa na viwanja vya hamsini kwa mia. Watu wamezidi maradufu, na mabomba hayakuwafuata. Nafahamu, kwa hiyo, kiu iliyowafanya mtamani kisima cha pili. Walakini nawaomba mkitazame kwanza kile cha kwanza. Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho nilikwenda kukiona: kibanda cha mawe kimepakwa rangi ya buluu, jina la kila mfadhili limeandikwa ukutani, na bomba lake la shaba limefungwa mnyororo na kufuli iliyoshika kutu, kwa sababu mota iliungua wakati wa kiangazi na hapakuwa na akiba ya kuitengeneza, na kabla ya hapo umeme ulikuwa umekatwa kwa deni. Mitungi ya lita 20 ilikuwa imepangwa foleni mahali pengine, kwa mwenye mkokoteni, naye huuza kwa bei aitakayo. Siku ya kukifungua kisima kile tulikodi mahema na viti na kuchinja mbuzi. Siku hiyo hakuna aliyesimama kuuliza ni nani atakayelipa umeme wa mwezi wa pili. Nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Tena maji hayako mbali nasi. Mto Thika na mto Chania hukutana katika mji wetu wenyewe wa Thika. Juu yake, huko Gatanga, limejengwa bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, lenye kubeba mita milioni 70 za ujazo, na maji yake hushuka hadi Nairobi. Na mwaka 2022 lilizinduliwa bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini, ambalo tangu mwanzo lilinuiwa kuwanywesha watu wa Ruiru na Juja pamoja na sehemu za Nairobi. Deni la ujenzi huo ni deni la taifa zima, maana yake ni letu pia. Basi haja yetu si tundu jingine ardhini. Haja yetu ni bomba litakalotoka kwenye njia kuu ya maji ya umma hata soko letu, na shauri hilo huandikwa, hupelekwa kwa kampuni ya maji na kwa kaunti, nalo hufuatwa mpaka lipate jibu la maandishi. Sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata habari huipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu mwananchi aliyeuliza kwa maandishi. Sijaona katika kumbukumbu zenu barua hata moja ya namna hiyo.

Hapa ninapoishi, katika jimbo la Massachusetts, iko desturi iliyoanza karne ya 17 na ingali hai katika miji midogo mingi: wenye kura wa mji hukutana wao wenyewe, wakaipitisha bajeti fungu kwa fungu. Mzee mmoja ninayemhudumia alinichukua siku moja kwenda kuutazama mkutano wa mji wake, na kwa kuwa mimi si mpiga kura hapo niliketishwa pembeni na wageni. Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa michezo wa shule. Kila mtu alikuwa na kitabu kilichochapishwa, kinachoonyesha mwaka jana fungu hili lilitumia nini na mwaka huu linaomba nini, na watu walikuwa wamekipata kabla ya siku yenyewe. Alisimama bibi mmoja mwenye mkongojo, akauliza kwa nini paa la shule litengenezwe ilhali lilitengenezwa si zamani, mhandisi akajibu, bibi hakuridhika, akauliza tena, na watu mia na zaidi wakangoja kwa subira mpaka akajibiwa. Hapakuwa na mahema wala mgeni wa heshima. Nilitazama, nikawaza kwamba mama zangu wa kijijini ni hodari wa kuuliza kuliko yule bibi. Wasichopewa ni kitabu, na taarifa ya siku ya mkutano.

Waama, mikutano ya namna hiyo ipo kwetu kisheria. Kila mwaka kaunti hulazimika kupeleka mpango wake wa maendeleo mbele ya bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha hufuata ifikapo 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili, na katika safari hiyo yote wananchi ni lazima washirikishwe. Aghalabu sisi huamka mwezi wa Mei au Juni, fedha zikiwa zimekwisha kugawanywa, tukalalamika kwamba wadi yetu imesahauliwa. Kisichoandikwa katika mpango wa Septemba huwa vigumu mno kukiingiza baadaye. Najua mikutano hiyo huitwa siku ya kazi, saa za kazi, kwa tangazo ambalo mama wa sokoni halioni. Najua nauli ni fedha, na siku bila biashara ni siku bila chakula. Hilo ndilo pengo ambalo fedha zetu za ng'ambo zingeliziba kwa faida kuliko saruji.

Liko na suala la kiwanja, ambalo mmelipa mstari mmoja tu katika kumbukumbu, nami naliona ni kubwa. Zahanati imejengwa juu ya ploti ambayo wazee wanasema ni ya umma tangu shamba lilipokatwa na kugawiwa wanahisa. Lakini hati haijaonekana. Mnajua wenyewe ni viwanja vingapi vya shule na vya soko, baina ya Ruiru na Thika, vilivyokuwa vya umma kwa maneno vikaja kuwa vya mtu kwa karatasi. Fedha za umma haziwezi kwa halali kujenga juu ya ardhi ya mtu binafsi, na afisa wa kaunti akitaka kutukwepa, hapo ndipo atakaposimama.

Kwa hiyo sisi tulioko huku, tuliokutana Jumapili baada ya ibada, tumeafikiana haya, nami nimepewa idhini ya kuwaandikia. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu karibu dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje mwaka 2024, sehemu kubwa kuliko zote ikitoka Marekani. Ni fedha za watu wanaokesha wakiwageuza wagonjwa vitandani na kuendesha malori katika theluji, na haifai zigeuke kutu. Basari tutatuma zote mlizoomba, bila sharti, kwa kuwa mtoto aliyefungiwa lango la shule hawezi kungoja kalenda ya serikali. Tutalipa gharama ya mpima ardhi na wakili mpaka hati ya kiwanja cha zahanati ijulikane ilipo. Tutatengeneza mota ya kisima, walakini baada ya mkutano kupanga bei ya mtungi na kuchagua mama watatu watakaoshika daftari la mauzo, na daftari hilo libandikwe ukutani mwa kibanda kila mwisho wa mwezi. Tutalipa nauli na fidia ya siku kwa watu mtakaowachagua kwenda kusema kwa niaba yetu katika vikao vya mpango wa maendeleo, na nusu yao wawe wanawake. Kisima cha pili na kuta za zahanati tunaviweka kando mpaka majibu ya kaunti yapatikane kwa maandishi.

Katibu aniandikie kama cheti chetu cha usajili ni cha sheria mpya ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 au ni kile cha zamani, kwa maana barua zetu zitakuwa na uzito zaidi zikitoka kwa kikundi chenye cheti halali. Mweka hazina naye anitumie deni la umeme la kisima lilivyo leo, pamoja na nambari ya mita. Majina ya wajumbe yanifikie kabla Julai haijaisha, ili nauli yao iwe imefika vikao vitakapotangazwa.

Wasalaam. Ni mimi binti yenu.