Mfano wa Seli Usiishie kwenye Majina

Seli ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kiumbe yenye uhai wake, na nyingi hazionekani kwa macho matupu. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu ina upana wa karibu mikromita 8. Zikipangwa safu moja, zaidi ya 100 huenea katika milimita moja. Mwanafunzi anayefundishwa asichokiona, tena kwa majina kama mitokondria na ribosomu, hana pa kukishika. Nchini Tanzania shida huzidi, kwani wengi husoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha huikuta biolojia ya sekondari kwa Kiingereza. Yafaa basi mwalimu aanze na kitu kinachojulikana na darasa zima.

Karakana ya mafundi cherehani yatosha. Karatasi asili za mishono hufungiwa sandukuni; nakala ndiyo hupelekwa kwa washonaji. Vivyo hivyo DNA hubaki ndani ya kiini, na nakala yake, RNA, hutoka kwenda kwenye ribosomu, ambako protini huundwa. Vazi lililokwisha hukunjwa na kufungashwa: Golgi, sehemu nyingine ya seli, hufanya hivyo kwa protini. Jenereta huchoma dizeli kupata umeme. Mitokondria huvunja glukosi kwa oksijeni kupata nguvu, ndiyo maana seli za misuli zina mitokondria nyingi.

Kosa kubwa ni kukomea hapo, kwa jedwali la safu mbili ubaoni: kiini ni sanduku, mitokondria ni jenereta. Mwanafunzi wa namna hiyo amekariri orodha mbili badala ya moja. Mfano sharti ufanyishwe kazi. Aulizwe: sanduku la karatasi likiondolewa, karakana itaendelea mpaka lini? Jibu lipo mwilini mwake. Chembe nyekundu ya damu hupoteza kiini inapokomaa, ikapata nafasi zaidi ya himoglobini. Lakini haiwezi tena kuunda protini mpya za kujitengeneza, nayo huishi takriban siku 120 tu.

Ni wajibu wa mwalimu pia kuonyesha mfano unapovunjika, tena mbele ya darasa. Karakana haijigawi ikawa mbili; seli hunakili DNA yake, ikagawanyika. Mwaka 1855 Rudolf Virchow alisisitiza kwamba kila seli hutokana na seli nyingine. Wala utando wa seli si mlango mmoja wenye bawabu, kama wa karakana: ni tabaka mbili za molekuli za mafuta, na vitu hupita kila upande, maji yakifuata osmosisi bila kusukumwa na yeyote.

Kisha karakana iwekwe kando, ngozi nyembamba ya kitunguu iwekwe chini ya hadubini kwa tone la iodini. Kuta na viini vitaonekana. Mwanafunzi achore anachokiona, si alichokariri; akikosa kloroplasti, zile sehemu za seli zinazonasa mwanga wa jua, aachwe atafute mwenyewe kwa nini sehemu inayokua udongoni, pasipo jua, haina haja nazo.