Live Aid, miaka 40: walilipa chakula, hawakuuliza nani analeta njaa

Vijana wenzetu, raia wa Goma, Bukavu, Beni, Uvira, na nyinyi wote mulio mbali na nyumbani,

Tarehe 13 Julai 2025 imetimia miaka 40 tangu konseri ya Live Aid. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Lakini tunaijua: vipande vyake vinazunguka kwenye telefone zetu, zaidi ya yote Freddie Mercury na kundi lake Queen, dakika kama 20 tu, uwanja muzima wa Wembley ukipiga makofi pamoja. Muziki ni mutamu, hatukatai. Ila kuko jambo moja juu ya ile siku ambalo vijana wa Congo tunapashwa kuelewa vizuri, sababu linatugusa leo.

Tukumbushane kwanza. Oktoba 1984, televisheni ya BBC ilionyesha watu wanakufa na njaa kule Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Aliyeongea ni Michael Buerk, Muingereza. Aliyechukua zile picha ni Mohamed Amin, Mukenya. Dunia ikashituka. Bob Geldof na Midge Ure wakakusanya waimbaji wa Uingereza kutoa wimbo wa kuchanga makuta, Wamarekani nao wakatoa wao. Kiisha ikafika ile siku moja: viwanja viwili, Wembley kule London na JFK kule Philadelphia, na televisheni za inchi nyingi zikionyesha moja kwa moja. Phil Collins aliimba London, akapanda ndege ya Concorde, akaimba tena Philadelphia siku ile ile. David Bowie aliacha wimbo wake mumoja ili watu waone video ya watoto wa Ethiopia. Watu wakapiga simu, wakatoa. Kwa jumla yalipatikana makuta mengi sana, zaidi ya milioni 100 za dola kwa hesabu inayotajwa kila mara.

Hatuko hapa kucheka waliotoa. Mutu aliyekuwa Liverpool au Dublin, akakata kwenye mushahara wake juu ya mutoto asiyemujua, huyo ni ndugu. Kuko watu walikula juu ya ile siku. Tusisahau.

Lakini ile video ilikuwa na watoto na muziki tu. Njaa ilionyeshwa kama vile imetoka kwa Mungu. Mvua ilikosekana, ni kweli. Ila Tigray, Wollo na Eritrea, kule njaa iliuma sana, kulikuwa pia vita. Serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa inapigana na waasi, na raia njo walilipa. Ndege zilipiga bomu kwenye masoko, mpaka watu wa Tigray wakawa wanafanya soko usiku. Wachuuzi wa nafaka walizuiwa njia. Na Septemba 1984, wakati watu wanakufa, wakubwa wa Addis Ababa walifanya sikukuu kubwa ya miaka 10 ya mapinduzi yao.

Kisha serikali ikahamisha watu karibu 600.000 kutoka kaskazini kwenda kusini na magharibi, wengi kwa nguvu. Chakula cha musaada kilifanywa chambo: unakuja kutafuta unga, unajikuta ndani ya lori. Madaktari wa MSF ya Ufaransa walipaza sauti. Desemba 1985 serikali ikawafukuza. Mashirika mengi mengine yalichagua kunyamaza ili yaendelee kugawa chakula.

Njo maana tunasema: makuta bila swali yanaweza kulisha mwenye njaa na kumusaidia mwenye kuleta njaa, yote siku moja. Mengistu aliendelea kutawala mpaka 1991, akakimbilia Zimbabwe. Mwaka 2006 mahakama ya Ethiopia ilimuhukumu akiwa hayupo. Waliomufikisha kule ni Waethiopia wenyewe. Hakuna gitaa iliyofanya ile kazi.

Na Waafrika walikuwa wapi? Mwaka ule ule wa 1985, Manu Dibango wa Cameroon aliita wanamuziki wa Afrika wakarekodi «Tam-Tam pour l'Éthiopie». Walikuwamo Salif Keita, Mory Kanté, Youssou N'Dour, na Ray Lema wetu. Ni wangapi kati yetu tulisikia ile? Miaka 20 baadaye, Julai 2005, Geldof alifanya konseri zingine, Live 8. London ilibeba majina makubwa ya Ulaya na Marekani, na wasanii wengi wa Afrika wakawekwa mbali kule Cornwall. Konseri juu ya Afrika, Afrika pembeni.

Live 8 ilidai wakubwa wa dunia wafute madeni ya inchi masikini. Hapo tunaingia sisi. Julai 2010, Congo ilifutiwa deni la karibu miliari 12 za dola. Sehemu kubwa ilianza wakati wa Mobutu. Kufutiwa ni kuzuri. Lakini nani alituambia ile deni ilikuliwa na nani? Ilijenga barabara gani, hospitali gani? Deni ilifutwa pamoja na maswali yake.

Leo zamu imefika kwetu. Picha za mama zetu wa Kanyaruchinya na Bulengo, chini ya mahema ya plastiki, zilizunguka dunia muzima. Tarehe 22 Aprili 2025, wasanii wenye asili ya Congo walifanya konseri ya Solidarité Congo kule Paris, Accor Arena, kusaidia watoto wa mashariki. Tunawashukuru. Hatua moja imepigwa: safari hii ni wana wa inchi wenyewe waliosimama kuimba. Ila tusirudie ya 1985, kulia bila kutaja.

Watoto wetu hawana njaa sababu udongo wa Masisi haulimiki. Wana njaa sababu wamefukuzwa kwenye mashamba. Kuko wenye kupiga, kuko wanaowapa silaha, kuko wanaonunua coltan ya Rubaya wakifunga macho. Na kule Kinshasa kuko watu ambao miaka yote hii hawajatoa hesabu ya makuta ya jeshi na ya usalama wetu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, kwa wasanii, kwa mashirika, na kwetu sisi wenyewe.

Moja: kila konseri, kila muchango juu ya mashariki ya Congo, useme wazi vita inaletwa na nani na inalipwa na nani.

Mbili: makuta yakipatikana, hesabu itangazwe, na itangazwe kwa luga ambayo mama wa kambi anasikia. Ile hesabu ni yake mbele ya kuwa ya wafadhili.

Tatu: aliyeumia aongee mwenyewe. Mbele ya kutuma video ya mutoto wa mutu, uliza muzazi wake kama anakubali, na uliza anataka kusema nini.

Musaada tunaupokea, na asante tunasema. Lakini shibe ya wiki moja haitoshi mutu anayetaka kurudi kwenye shamba lake. Atakayetuimbia, karibu. Akimaliza kuimba, atusaidie kuuliza.