Mawakili wa Rwanda wavuka mipaka: mkazi wa Gitega anapata nini?

Chama cha Mawakili Rwanda kimekua kwa kasi tangu kilipoundwa kisheria mwaka 1997, na leo kina nafasi yake katika vyombo vya kikanda vya taaluma hiyo. Hata hivyo, wakili aliyeapishwa Kigali hana ruhusa ya moja kwa moja ya kumtetea mteja wake katika mahakama za kawaida za nchi jirani. Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Gitega, umurenge wa wilaya ya Nyarugenge ulio jirani na Biryogo na Nyamirambo, pengo hilo linagusa riziki na mirathi.

Kutoka uhaba wa mawakili

Ukuaji huu hauwezi kueleweka bila kuitazama hali ya nchi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Majaji na mawakili wengi walikuwa wameuawa au wameikimbia nchi. Kesi za kwanza za mauaji hayo zilipoanza Desemba 1996, shirika la Mawakili Wasio na Mipaka lilileta mawakili wa kigeni kuwatetea washitakiwa na kuwawakilisha waathirika. Baadaye mahakama za Gacaca, zilizofungwa Juni 2012, zilishughulikia kesi zinazokaribia milioni mbili bila ya mawakili kushiriki.

Leo wanachama wa chama hicho wamezidi elfu moja. Sheria ya mwaka 2013 ndiyo inayosimamia uanachama, mafunzo ya vitendo na nidhamu yao, na Taasisi ya Utendaji na Maendeleo ya Sheria, ILPD, yenye makao Nyanza, huwapa wahitimu wa vyuo vikuu stadi za kazi kabla hawajavaa joho. Hata hivyo, kwa taifa lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 13 katika sensa ya mwaka 2022, wakili bado ni mtu wa kutafutwa.

Soko la pamoja, taaluma zilizotengana

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 2010. Kifungu cha 11 cha itifaki hiyo kinazitaka nchi wanachama zitambue vyeti na sifa za kitaaluma za wenzao. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walikuwa wa kwanza kutia saini makubaliano ya kutambuana, kisha wakafuata madaktari wa mifugo. Mawakili waliachwa nyuma.

Sababu kubwa ni kwamba sheria haifanani toka nchi hadi nchi. Daraja la saruji hujengwa kwa hesabu zile zile Kigali na Mombasa, lakini mkataba husomwa kwa namna tofauti. Rwanda ilirithi mfumo wa Ubelgiji unaotegemea sheria zilizoandikwa katika vitabu vya kanuni, ilhali Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo wa Uingereza unaozipa uzito mkubwa hukumu zilizotangulia. Tangu mageuzi ya mahakama ya mwaka 2004, na hasa baada ya kuingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009, Rwanda imekuwa ikiichanganya mifumo hiyo miwili. Pengo limepungua, ila halijazibika.

Sababu ya pili ni ulinzi wa soko la nyumbani. Mwaka 2012 Kenya ilirekebisha sheria yake ya mawakili ili kuwafungulia mlango raia wa Rwanda na Burundi, lakini marekebisho hayo yakaja kutenguliwa mahakamani. Hata ndani ya Tanzania, Bara na Zanzibar zina vyama viwili tofauti vya mawakili. Sheria ya Rwanda, kwa upande wake, inamkubali wakili wa kigeni iwapo nchi yake nayo inawakubali Wanyarwanda. Kwa hiyo kila mmoja anamsubiri mwenzake atangulie.

Mlango mmoja tayari uko wazi. Kwa mujibu wa Mkataba wa Jumuiya, wakili mwenye haki ya kusimama mbele ya mahakama za nchi yoyote mwanachama anaweza kusimama mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Kifungu cha 30 kinamruhusu hata mkazi wa kawaida kulalamikia sheria au kitendo cha nchi mwanachama kinachokiuka Mkataba, mradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Ni haki adhimu, lakini haihusu deni la mfanyabiashara mmoja kwa mwenzake, na lugha ya mahakama hiyo ni Kiingereza.

Mzigo Dar es Salaam, mirathi Mombasa

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Gitega aliyelipia vipuri vya magari Dar es Salaam, bandari inayopitisha sehemu kubwa ya bidhaa za Rwanda. Mzigo ukipotea, kesi itafunguliwa Tanzania, ambako mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mfanyabiashara huyo anaielewa lugha hiyo vizuri, lakini huenda wakili wake wa Kigali, aliyesomea sheria kwa Kifaransa au Kiingereza, asiielewe. Atalazimika kumtafuta wakili wa pili asiyemjua, na kuwalipa wote wawili.

Mfano mwingine ni wa mirathi. Rwanda haina mahakama ya kadhi, na mali ya marehemu hugawanywa kwa sheria moja kwa raia wote bila kujali dini. Kenya na Zanzibar zinazo mahakama hizo. Familia yenye nyumba Gitega na ndugu Mombasa inaweza kujikuta mbele ya sheria mbili zinazogawa urithi kwa mafungu tofauti. Hapo anahitajika mshauri anayezifahamu sheria zote mbili, na awahi kabla ndugu hawajagombana.

Migogoro midogo ya ndani ina njia yake: kamati za Abunzi, kwenye kagari na umurenge, hupatanisha bila malipo, na ofisi za MAJ za wilaya hutoa ushauri wa sheria kwa wasio na uwezo. Huduma hizo zinaishia mpakani.

Kiswahili kama chombo cha kazi

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na Jumuiya ikakipitisha kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021. Gazeti la Serikali, hata hivyo, huchapisha sheria kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mkazi aliyelelewa kwa Kiswahili husikia sheria kwa kusimuliwa.

Hapa ndipo mipango miwili ya chama, wa kujenga uhusiano wa nje na wa kukuza nguvukazi, inapokutana. Kutambuana kwa sifa kunahitaji maafikiano ya serikali nyingi na huenda kukachukua miaka. Kumfundisha wakili kijana Kiswahili cha sheria hakuhitaji idhini ya nchi yoyote. Chama kina mafunzo endelevu kwa wanachama wake. Somo la Kiswahili cha mikataba, mashauri na mirathi lingeweza kuingizwa humo na katika masomo ya ILPD. Kadhalika, kupitia Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki, kilichoasisiwa mwaka 1995, vyama vya Rwanda na Tanzania vingeweza kukubaliana juu ya orodha ya mawakili washirika na utaratibu wa ada, ili mteja asilipe mara mbili kwa kazi moja.

Vijana wa Gitega na Biryogo wanaosomea sheria wanacho tayari kile ambacho wenzao watalazimika kujifunza. Chama kikiihesabu lugha yao kuwa sifa ya kitaaluma, kitapata mawakili wa kuvuka mpaka kwa gharama ndogo. Kisipofanya hivyo, uanachama wa vyombo vya kikanda utaendelea kuwafaa zaidi wale wenye uwezo wa kuajiri mawakili wawili.