Shela Linapoficha Jasho

Mabepari wana werevu mmoja ambao mara nyingi haupewi uzito unaostahili. Hawaifichi mali yao. Huifungulia milango, huiwashia taa, huipamba kwa maua, kisha huwaalika wavuja jasho waje kuistaajabia kwa kiingilio. Mtu aliyekwisha kustaajabu hana tena nafasi ya kuuliza. Na hapana pambo linalomnyamazisha muulizaji upesi kama arusi, kwani ni nani mwenye roho ngumu kiasi cha kumdai bibi arusi hesabu?

Mfano mzuri wa werevu huo ulionekana katika mji wa Asheville, jimbo la North Carolina, nchini Marekani. Toka Februari hadi Julai 2016 jumba la kale liitwalo Biltmore lilifanya maonyesho ya mavazi ya arusi yaliyovaliwa na waigizaji wa filamu. Mavazi hayo yaliletwa kutoka Cosprop, kampuni ya London iliyoanzishwa mwaka 1965 na John Bright, ambayo kazi yake ni kushona na kukodisha mavazi ya sinema na ya michezo ya kuigiza. Mgeni alikata tikiti, akapita chumba hadi chumba, na kila alipofika akakuta sanamu iliyovalishwa hariri na lesi. Lilikuwapo gauni alilovaa Kate Winslet katika filamu ya Sense and Sensibility ya mwaka 1995. Lilikuwapo pia gauni la Cornelia Vanderbilt, binti wa nyumba ile ile, aliyeolewa tarehe 29 Aprili 1924 na Mwingereza wa ukoo wa kilodi, John Cecil. Gauni hilo lilishonwa upya kwa kufuata picha za siku ile. Hivyo bibi arusi wa kubuni na bibi arusi wa kweli wakasimama chini ya paa moja, mgeni asijue tena hadithi inaishia wapi na historia inaanzia wapi.

Hapo ndipo penye hila. Filamu ina haki ya kubuni. Jumba halina haki hiyo.

Hebu msomaji atazame jumba lenyewe. Lilijengwa na George Washington Vanderbilt kati ya mwaka 1889 na 1895. Lina vyumba 250, na kati ya hivyo 35 ni vya kulala na 43 ni vya kuogea. Lina mekoni 65 ya kuotea moto. Dari ya ukumbi wake wa karamu iko juu futi 70. Ili kuleta mawe na mbao ilijengwa reli ya pekee hadi mahali pa ujenzi, na tanuri lake lilikuwa likichoma matofali yapatayo 32,000 kwa siku. Na huyo mwenye jumba, alipoanza kujenga, alikuwa kijana asiyefika hata miaka 30. Mali hiyo hakuitafuta; alirithi. Babu yake, Cornelius Vanderbilt, aliyekufa mwaka 1877, aliitoa katika meli na reli akaacha utajiri wa dola zipatazo milioni 100. Baba yake, William Henry, aliuzidisha karibu maradufu kwa muda wa miaka minane tu.

Mali haizidi maradufu kwa kuombewa dua. Mwaka ule ule wa 1877 makampuni makubwa ya reli ya Marekani, pamoja na reli ya New York Central iliyokuwa mikononi mwa akina Vanderbilt, yalipunguza mishahara ya wafanyakazi kwa asilimia 10. Wafanyakazi wakagoma, mgomo ukaenea kutoka jimbo hadi jimbo, askari wakaletwa, na watu wapatao 100 wakauawa kabla haujazimwa. Miaka 12 baadaye msingi wa Biltmore ukachimbwa. Mwenye kutaka kujua gharama ya zile hariri na aanze kuhesabu hapo.

Tena, iko reli nyingine. Asheville ni mji wa milimani, na treni iliufikia mwaka 1880 baada ya milima kutobolewa mahandaki. Walioitoboa walikuwa wafungwa, wengi wao Waamerika Weusi. Biashara ya utumwa ilikuwa imepigwa marufuku kwa sheria, lakini makosa madogo madogo yalitosha kumrudisha mtu katika minyororo, na serikali ya jimbo ikawatoa wafungwa hao kwa kazi ya reli. Zaidi ya 100 walifia huko. Mwezi Desemba 1882, katika mto wa Tuckasegee, wafungwa 19 walizama pamoja wakivushwa kwenda kazini, wakiwa wamefungwa pingu za miguu. Reli hiyo haikuwa mali ya Vanderbilt, na haki hudai jambo hilo lisemwe. Lakini ndiyo iliyomfikisha milimani kutazama mandhari na kuyapenda. Na alipokuwa akikusanya ardhi, makazi ya Waamerika Weusi yaliyoitwa Shiloh yalinunuliwa pamoja na kanisa lao, wakazi wakaenda kuanza upya mahali pengine. Ilipofika mwaka 2021 ndipo ukumbusho wa wafungwa wale ulipowekwa karibu na reli waliyoifia. Magauni ya sinema yalitangulia kupata heshima kwa miaka mitano.

Sasa na tuziache reli, tuje kwenye arusi yenyewe, maana maonyesho yalidai kwamba yanahusu mapenzi. Tarehe 6 Novemba 1895, wiki chache tu kabla jumba la Biltmore halijafunguliwa kwa sherehe ya Krismasi, mtoto wa kaka wa George, Consuelo Vanderbilt, aliolewa mjini New York na Duke wa Marlborough, kabaila mkubwa wa Uingereza. Bibi arusi alikuwa na umri wa miaka 18. Alimpenda mwanamume mwingine. Mama yake akamzuia. Duke alikuwa na kasri kubwa na mfuko mtupu. Basi mkataba ukaandikwa: bwana arusi akapata hisa za reli zenye thamani ya dola milioni 2.5, akina Vanderbilt wakapata cheo. Mwaka 1926 ndoa hiyo ilipobatilishwa, mama mwenyewe alikiri kwamba alimlazimisha binti yake.

Huo ndio ukweli uliojificha nyuma ya shela la tabaka lile. Jasho la mpiga makaa na la mfunga breki liligeuzwa hisa, hisa zikageuzwa mahari, na msichana akageuzwa bahasha ya kupelekea mahari hiyo ng'ambo. Mfanyakazi alinyonywa kwa mshahara. Binti wa tajiri naye akauzwa kwa cheo. Mirija ilikuwa miwili, lakini kinywa kilikuwa kimoja.

La ajabu ni kwamba baadhi ya filamu zenyewe zinasema hayo waziwazi kuliko jumba. Hadithi ya Sense and Sensibility, iliyotungwa na Jane Austen na kuchapwa mwaka 1811, haianzi na mapenzi hata kidogo. Inaanza na urithi. Baba anakufa, nyumba na mali vinakwenda kwa mtoto wa kiume wa mke wa kwanza, mjane na mabinti zake wanaondoka na kuishi kwa fadhila za ndugu. Kijana anayempenda Marianne anamwacha na kumwoa mwenye pauni 50,000. Gauni la arusi analovaa Marianne mwishoni lina maana kwa sababu mtazamaji amekwisha kuona njaa ya mali iliyotangulia. Litoe gauni katika hadithi, lisimamishe peke yake katika chumba cha milionea, nalo linabaki kuwa kitambaa kizuri kinachosifu utajiri ambao mtungaji aliukejeli.

Watatokea watetezi, na wana maneno yao. Watasema kwamba Vanderbilt aliwalipa wajenzi wake, na kwamba alikopesha fedha za kujenga jumba la maendeleo la vijana Weusi mjini Asheville, lililofunguliwa mwaka 1893. Ni kweli. Watasema kwamba anayetembelea Biltmore huonyeshwa hata jikoni, chumba cha kufulia na vyumba walimolala watumishi. Hilo nalo ni kweli. Lakini mtumishi huonyeshwa kama sehemu ya raha ya nyumba, kama sufuria ya shaba inavyoonyeshwa. Kuonyesha kitanda cha mfanyakazi si sawa na kueleza kwa nini mmoja alihitaji vyumba 35 vya kulala na mwingine akapewa kitanda kimoja.

Watasema tena kwamba ushonaji ule ni sanaa. Hapa hapana ubishi, na ndiyo maana jambo hili linauma zaidi. Bibi arusi wa filamu ni wa kubuni, lakini mishono yake si ya kubuni. Iko mikono iliyotia sindano, iliyodarizi, iliyofumua na kushona tena mpaka pindo likakaa sawa. Hata Malkia Victoria, ambaye arusi yake ya mwaka 1840 ndiyo iliyoeneza desturi ya gauni jeupe, alivaa lesi iliyofumwa kwa mkono na wanawake maskini wa Devon. Dunia nzima inalijua jina la malkia. Ni nani ajuaye jina la mfumaji mmoja? Heshima ya sanaa ingeanza kwa kuitaja mikono hiyo kabla ya kumtaja mvaaji.

Yako maswali ambayo lazima yaulizwe hapa nchini, maana gauni lile jeupe halikubaki Ulaya na Marekani. Lilisafiri kwa misheni, kwa magazeti, kwa sinema, na sasa limo katika kila simu ya mkononi. Msichana wa Mbeya au wa Tanga huiona arusi ya filamu mara mia kabla ya kuiona arusi ya jirani yake. Haoni filamu ikionyesha deni. Ndipo kamati za arusi huundwa kama kamati za kujenga shule, kadi za michango husambazwa, mtu wa mshahara mdogo hudaiwa ahadi aliyoitoa kwa aibu, na vijana wawili waliopendana kwa kweli huahirisha ndoa yao kwa kukosa fedha za ukumbi, keki na gauni la kukodi la saa chache. Baada ya sherehe gauni hurudi dukani. Deni hubaki nyumbani.

Hapana anayetaka kurudi kwenye Operesheni Vijana ya mwaka 1968, wakati wanawake walipofukuzwa njiani kwa sababu ya urefu wa sketi. Kasumba haivuliwi kwa mgambo. Wala si suala la kitambaa cha kigeni na cha kienyeji. Kisutu, kanga ya arusi inayoheshimiwa pwani yote, kwa muda mrefu kilichapwa ng'ambo kabla ya Kiwanda cha Urafiki kuzinduliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Bibi arusi anaweza kuvaa kisutu au kuvaa gauni jeupe akawa huru, au akavaa lolote kati ya hayo akawa bidhaa. Swali ni moja: je, ameridhia, na ni jasho la nani linalolipia?

Taifa hili lilikwisha kulijibu swali hilo katika sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema kwamba ndoa ni muungano wa hiari, na kwamba ndoa haiharibiki kwa sababu mahari haikulipwa. Ibara hizo mbili zingemwokoa Consuelo Vanderbilt pamoja na mamilioni yake yote. Sheria hiyo haikuwa kamilifu. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana aolewe chini ya umri wa miaka 18 vinapingana na Katiba. Mwaka ule ule watalii walipokuwa wakipanga foleni Asheville kutazama arusi za kubuni, mahakama ya nchi maskini ilikuwa ikipima uhuru wa bibi arusi wa kweli. Kati ya mambo hayo mawili, lipi linastahili kuitwa maonyesho ya mapenzi?

Basi wanaosimamia makumbusho na wanaotengeneza filamu wana wajibu ulio wazi. Kisutu kinapowekwa katika kabati la kioo, kibao chake kiseme pamba ililimwa na nani, kitambaa kilifumwa wapi na kwa ujira gani. Filamu ya Kitanzania inapoonyesha arusi, ionyeshe pia daftari la michango na kijana anayelitazama asilale. Viongozi nao, ambao arusi za watoto wao ndizo hutazamwa na wengi, wajue kwamba kila meza ya ziada wanayoipamba ni amri kwa maskini kwenda kukopa. Azimio la Arusha lilidai kiongozi aishi kwa jasho lake. Siku ya arusi haikutolewa katika dai hilo.

Uzuri si adui wa mfanyakazi. Ni yeye aliyeushona. Anachodai ni kwamba asiitwe kuutazama kwa kiingilio kama mgeni, katika nyumba iliyojengwa kwa mikono yake.