Apareyi Haina Macho

"Shida yangu ni apareyi tu." Nikikaa na vijana wanaopenda kupiga foto, iwe Kasongo au Kabambare, neno hilo halikosi. Mwenye simu anatamani apareyi ndogo, mwenye ndogo anatamani kubwa, na mwenye kubwa anatafuta lenzi ndefu kama mtutu. Wote wanaamini kwamba foto nzuri hutoka katika mashini ya bei kali. Nasema bila kuuma maneno: huo ni uongo, na hapa kwetu ni uongo unaokula akiba za watu.

Twende uwanjani asubuhi ya Idi. Kanzu nyeupe, kofia nyeupe, jua limeshapanda. Kijana analenga, anabonyeza, anatazama: kanzu zimetoka safi, lakini nyuso ni weusi mtupu, macho hayaonekani. Analaumu apareyi. Apareyi ina kosa gani? Iwe ya dola mia au ya dola elfu tatu, yenyewe hupima mwanga wa eneo zima na kuuvuta uwe wa kadiri. Ikikutana na weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, basi hupunguza, na anayeumia ni mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe.

Dawa yake haiuzwi dukani. Kwenye simu, gusa uso wa mtu pale kiooni, kisha sukuma juu kidogo ile alama ya jua. Kwenye apareyi, ongeza mwanga hatua moja. Au mtoe mtu juani, msimamishe barazani chini ya kivuli, uso ukielekea uwanja wenye mwanga. Utashangaa. Mpiga foto Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akapiga watu uani kwa mwanga wa mchana, nyuma yao kitambaa kimetundikwa. Vifaa vilikuwa ghali, hivyo mara nyingi mteja alipigwa mara moja tu. Leo foto zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Alijua wapi pa kumweka mtu.

Najua nitakavyojibiwa: foto ya simu haifai kusafishwa kwenye karatasi. Tupige hesabu. Foto ya albamu, sentimita 10 kwa 15, inataka pikseli milioni 2 na kidogo. Simu yenye pikseli milioni 12 inatosha kujaza karatasi ya A4. Kinachoziua foto zetu ni kuzituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida: zinabanwa, zinafika hazina uhai, halafu ndizo zinazopelekwa studio. Zitume kama dokumenti, au zipeleke mwenyewe ndani ya memori kadi.

Sikatai kwamba apareyi kubwa ina kazi yake. Ukumbi wenye giza usiku, mpira unaokwenda mbio, fundi anayelipwa kwa harusi: hapo inastahili bei yake. Ila kwa anayepiga kwa mapenzi tu, inakuja na mzigo. Barabara ya Kasongo hadi Kabambare ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na ukibadilisha lenzi njiani, vumbi linaingia ndani kabisa. Kijana mmoja alinionyesha lenzi aliyoinunua kwa dhahabu aliyoichimba miezi mingi. Nilipoielekeza dirishani niliona ndani ya kioo nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kuvu. Lenzi ilikuwa imelala msimu mzima wa mvua ndani ya mfuko wake wa ngozi, gizani, katika unyevu. Mfuko uleule aliodhani unailinda ndio uliolea ugonjwa. Laiti angeitoa mara kwa mara ikapata hewa na mwanga, ingekuwa nzima hadi leo.

Imani hiyohiyo imehamia kwenye programu za kurekebisha foto. Watu wanahangaika kutafuta nakala za wizi za programu za kulipia, nazo zinawaletea virusi. Kwa nini? Snapseed ni ya bure, na ukishaiweka kwenye simu inafanya kazi hata pasipo mtandao. Kwenye kompyuta kuna GIMP, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na darktable. Zote mbili ni za bure. Na ustadi haukungoja programu: mpiga foto Omar Said Bakor wa Lamu aliunganisha picha mbili tatu zikawa moja, kompyuta zikiwa hazijafika kisiwani kwake.

Na kuna jambo linalonikera kuliko yote: kumpausha mtu. Bibi harusi anaingia na rangi aliyozaliwa nayo, anatoka kwenye foto mweupe kama chaki, pua imenyooshwa, mikunjo ya tabasamu imefutwa. Mama yake akiipokea anauliza, "Huyu ni nani?" Huko si kurekebisha, ni kumwambia mtu kwamba uso wake ulikuwa kosa. Rekebisha mwanga, nyoosha mstari, kata kilichozidi pembeni, halafu uache ngozi ya mtu kama ilivyo.

Mdogo wangu, fedha ulizoweka kwa ajili ya apareyi kubwa, nunua paneli ndogo ya sola na betri, usije ukazimikiwa katikati ya sherehe. Nunua memori kadi mbili, moja ukae nayo, nyingine ikae nyumba nyingine, maana simu huibwa na huanguka majini. Kwa zinazobaki, safisha foto. Na usingoje. Kesho saa kumi na moja jioni mlete mama yako barazani, pangusa lenzi ya simu kwa kitambaa laini cha pamba, gusa uso wake kiooni, umpige mara moja. Kisha ipeleke ikasafishwe, umkabidhi mkononi.