Maji ya Materuni, mti wa Old Moshi

DAFTARI LA WIKI

Safari ya siku moja ina matumizi manne: gari, kiingilio, chakula na mwongozaji. Kwenye gari mnaokoa kwa wingi wenu. Kosta ikijaa, mchango wa kila kichwa unashuka mpaka mtu anaona haya kukataa. Kiingilio hakina mjadala. Chakula mnaweza kubeba. Anabaki mwongozaji, na hapo ndipo watu hutaka kubana. Wiki hii nimeisikia tena hoja hiyo kutoka kwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu hapa Arusha, mtu makini na daftari lake: "Maporomoko si yanaonekana yenyewe? Huyo wa kutuonyesha wa nini?"

Walikuwa wamevunja kikoba na kutenga kiasi cha kutembea, wakanialika niwasindikize hadi Materuni. Nikawaomba mambo mawili: tuchukue mwongozaji wa palepale kijijini, na tukitoka kwenye maji tupite Old Moshi, ambako wageni wengi wa Materuni hawafiki ingawa ni jirani. Mweka hazina alikubali la pili haraka kuliko la kwanza.

* * *

Mwongozaji wetu alikuwa binti wa Uru, mwenye kaunda suti ya kijani iliyofifia na buti za mvua. Aliwaamkia akina mama mmoja mmoja, shikamoo baada ya shikamoo, mpaka safu ikaisha. Kisha akasema, "Mama zangu, twende polepole, tunapita kwenye vihamba vya watu." Kwa kauli hiyo tu safari ilipata adabu yake. Njia ya kwenda maporomoko inapita nyuma ya nyumba za watu, kwenye migomba yao, karibu na mabanda ya ng'ombe wao na pembeni ya makaburi ya wazee wao yaliyozungushiwa masale. Tungeenda wenyewe tungepiga kelele na kupiga picha ovyo.

Hatukufika mbali akatusimamisha kwenye kijito chembamba kinachoambaa na ubavu wa mlima. Nusu ya kundi walidhani ni mto. Akatuambia ni mfongo, mfereji uliochimbwa na watu. Akachuchumaa kwenye toleo la maji: mawe machache, udongo wa mfinyanzi na kipande cha mgomba kilichokandamizwa kati yake. Akakivuta kidogo, maji yakageukia kihamba cha chini. Akakirudisha, yakanyooka na njia yake. Hakuna bomba wala koki. Wachagga walichimba mifereji ya namna hii karne nyingi kabla ya ofisi yoyote ya umwagiliaji, wakaipitisha kwenye miteremko mikali kwa kukadiria kwa macho na kwa kuyafuata maji yenyewe. Ukoo wa aliyeuchimba mfongo ndio uliokuwa na kauli juu yake. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji, na usiku yaliachwa yajae kwenye bwawa dogo, nduwa, ili asubuhi yawe na nguvu. Mwenye kukwepa kazi ya kuzibua mfongo alikosa maji.

Mama mmoja, mzaliwa wa Singida, alibaki ameinamia lile toleo wakati wenzake wameshatangulia. Aliuliza mgomba ukioza inakuwaje. "Tunaweka mwingine, mama," binti akamjibu.

* * *

Maporomoko yenyewe yanaanguka zaidi ya mita 70 kwenye ukuta wa mwamba mweusi uliojaa kuvumwani na mimea inayoning'inia. Unayasikia kabla hujayaona, na ukikaribia huhitaji kuingia bwawani ili ulowe. Rasharasha inakufuata mpaka kwenye mawe ya pembeni. Maji ni baridi kiasi cha kukata pumzi. Akina mama watatu waliingia na kanga zao, wakatoka wakicheka na kutetemeka.

Wengi tunaamini maji haya ni theluji ya Kibo iliyoyeyuka. Hata watu waliozaliwa mlimani husema hivyo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji ya Kilimanjaro hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na ukanda wa msitu. Barafu ya kileleni mchango wake ni mdogo sana. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912 na inastahili kutuhuzunisha, lakini anayeogopa maporomoko kukauka aelekeze macho yake kwenye msitu: miti inayokatwa, moto unaowashwa na warina asali, mashamba yanayopanda juu. Materuni ndiyo kijiji cha mwisho kabla ya msitu huo. Mtu wa Moshi mjini anayefungua bomba lake asubuhi ana sababu ya kujua majirani zake wa huku juu wanaishije.

Na maji hayaishii Moshi. Mito ya upande huu wa kusini inateremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, inatoka humo ikiwa Mto Pangani, inazungusha mitambo ya umeme ya Hale iliyoanza kazi mwaka 1964, na mwisho inaingia baharini Pangani, mji wa kale wa misafara ya pembe na watumwa. Katika mji huo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya pwani, tarehe 15 Desemba 1889. Niliwaeleza haya tukiwa tumekaa juu ya mawe tunakausha miguu, kwa sababu nilijua mchana tunakwenda kwenye mti wa kunyongea wa Old Moshi.

* * *

Kahawa. Hii ndiyo sehemu ambayo wageni huipiga picha zaidi, na akina mama wa kikoba waliigeuza kazi. Kahawa iliyokauka ikatiwa kinuni. Mwongozaji akaanza kuimba kwa kibwagizo kama anavyofanya kwa watalii, lakini kabla hajamaliza ubeti mama wawili wakaushika mchi wakaanza kutwanga kwa kupokezana. Ungo ukatoka, maganda yakapeperushwa, punje zikabaki za kijani zenye rangi ya majivu. Zikakaangwa kwenye chungu juu ya mafiga matatu, zikikorogwa bila kuachwa, mpaka zikaanza kualika na moshi wake ukabadilika harufu. Zikarudi kinuni, zikachekechwa, unga ukaingia kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Tulikunywa kwenye vikombe vya plastiki. Sijanywa kahawa nzuri kama ile mjini, na naandika hivi kwa kuwa kahawa yetu bora tunaiuza nje, halafu mezani kwetu tunaweka ya unga wa kopo.

Kuna jambo moja ambalo ningependa liongezwe kwenye simulizi la kinuni. Wamisionari waliileta mikahawa, walowezi wakataka arabika ibaki kuwa zao lao, na wakulima wa Kichagga wakakataa. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wapandaji wa kahawa, KNPA, wakiwa na Joseph Merinyo mbele. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake bado linasimama Moshi mjini. Shule nyingi za mlimani zilijengwa kwa fedha ya kahawa. Mgeni anayetwanga kwa dakika kumi na kuondoka bila kuyasikia haya amenyimwa nusu ya kikombe.

* * *

Chakula: tulibeba wali na nyama ya kukaanga kutoka Arusha, tukanunua mtori kijijini kwa mama mmoja aliyekuwa ameambiwa mapema. Chungu chote kiliisha. Kama ningepanga tena ningeacha wali nyumbani na fedha yote ya chakula ingeishia Materuni.

* * *

Old Moshi ni mji uliohamiwa. Kabla ya reli, jina Moshi lilikuwa la huku juu, kwenye utawala wa Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Hapa Wajerumani waliweka boma lao, na hapa wageni wote wa mlima walikuja kuomba ruhusa. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 haikuweza kupanda. Ikaishia bondeni, serikali ikashuka kuifuata, na jina likashuka pamoja nayo. Huku juu pakaongezewa neno la kuonyesha uzee. Leo ukifika unaona shule, migomba, nyumba za bati, na Kidia, ambako mmisionari Bruno Gutmann alikaa miaka mingi hadi 1938 akiandika kwa Kijerumani sheria na desturi za Wachagga. Atafutaye majumba makongwe na milango ya kuchongwa hatavipata hapa.

Kuna mti. Ni mgunga, na chini yake kuna sanamu ya Mangi Meli, mwana wa Rindi. Mwongozaji wetu alisema huku si kwao, akatukabidhi kwa mzee mmoja wa hapo, nami nikamheshimu kwa hilo. Mzee alianza kwa kutuuliza tumetoka wapi na nani kati yetu ni wa mlimani. Mama wawili wakajitaja, mmoja wa Kibosho, mwingine wa Siha. Akawavuta mbele.

Rindi alifariki mwaka 1891. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Meli alilipiga jeshi la Wajerumani na kamanda wake, von Bülow, akapoteza maisha. Agosti 1893 Wajerumani walirudi wakiwa na kamanda von Schele na silaha ambazo mkuki na bunduki za gobori hazikuziweza. Meli akashindwa, akaishi chini yao miaka kadhaa. Kisha zikaja tuhuma za njama, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa pamoja na viongozi wengine 18 wa Kilimanjaro na Meru. Mzee aliwataja baadhi: Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha. Alipotaja majina hayo akawatazama wale mama wawili aliowavuta mbele. Wazee wanasimulia kwamba Meli alikaa saa nyingi kwenye kamba bila kukata roho. Wanasimulia pia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Hili la kichwa si hadithi ya jioni. Makumbusho ya Ujerumani yalikusanya mafuvu ya watu kwa maelfu kutoka makoloni kwa jina la sayansi. Isaria Meli, mjukuu wa Mangi, amedai kwa miongo mingi kichwa cha babu yake kitafutwe, na ametoa sampuli ya vinasaba ili ilinganishwe. Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayosimamia makusanyo hayo ilitangaza kwamba mafuvu kadhaa kutoka huku yamelingana na ndugu walio hai. Moja ni la mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea kwa yaliyofanywa wakati wa Majimaji.

Naikumbuka radhi ile na naithamini. Lakini nikiwa chini ya mti ule niliona wazi kwamba ndugu hawa wanadai kitu cha kushika na kuzika. Mchagga humzika mtu wake kihambani, kwenye ardhi aliyoilima, na asubuhi tulikuwa tumepita pembeni ya makaburi ya namna hiyo, yenye masale. Mangi hana kaburi kati yake.

Mama wa Siha hakusema neno hadi tuliporudi garini. Ndipo akaniambia kwamba jina la Ngalami alikuwa akilisikia kwa bibi yake akiwa mtoto, na hakuna aliyewahi kumwambia alikufa wapi.

* * *

Turudi kwa mweka hazina. Jioni, gari likiwa linapita Boma Ng'ombe, alifungua daftari akasoma hesabu kwa sauti kama kawaida yake: gari, kiingilio, mtori, kahawa, mwongozaji, mzee wa Old Moshi. Alipofika kwa mwongozaji akasema, "Huyu tumempunja." Wakapitisha kofia humohumo ndani ya gari, na fedha ikatumwa kwa simu kabla hatujafika Usa River.

Nalitaja kwa sababu kuna desturi mbaya inayokua. Waandaaji wa mjini wanashindana kwa bei ya chini, na bei inashuka kwa kumkata yule wa kijijini. Mmoja wa waongozaji niliozungumza nao Materuni alinieleza kwamba ameshalipwa na mwandaaji mmoja kiasi kisichozidi nauli yake ya bodaboda, akaambiwa wageni watampa bahasha. Wengine hawakutoa. Safari nafuu naipenda na nitaendelea kuitetea; fundi cherehani, muuza mbogamboga na mwalimu wana haki ya kuiona nchi yao bila kukopa. Unafuu huo utoke kwenye kujaza gari, kwenda siku moja na kurudi, kubeba maji yenu, kuepuka hoteli. Ukitoka kwenye mfuko wa binti wa Uru, ni yeye anayetulipia matembezi.

* * *

Anayepanga kwenda: aepuke Machi hadi Mei ikiwa ana wazee kundini, kwa kuwa masika inageuza njia kuwa utelezi mtupu, ingawa ndipo maji yanapokuwa na kishindo chake kamili. Viatu vyenye meno, nguo ya kubadilisha, na fedha taslimu za noti ndogondogo. Aanze Materuni asubuhi, Old Moshi mchana. Kwa mpangilio huo watu wana muda wa kukaa na mzee bila kuangalia saa. Amtafute mzee wa kuongea siku moja kabla, kupitia ofisi ya kijiji au mwongozaji, na ampelekee chochote mkononi.

Kwa walimu wakuu wa Arusha na Moshi nina ombi. Kila muhula mabasi ya shule hupita hapa kwenda kuwaonyesha watoto twiga. Wapeni siku moja ya mfongo na mti. Meli wanamsoma darasani kwa mistari michache, na mahali alipouawa ni mwendo mfupi wa gari kutoka stendi ya Moshi.